Ng'ombe wa Kuwekewa

Barabara iendayo Ngorongoro, ikiisha kupanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, hupita Rhotia kabla ya kufika Karatu. Ni nchi ya udongo mwekundu, ya ngano na mahindi, ya mbaazi na maharagwe. Na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao majirani wamezoea kuwaita Wambulu. Katika njia hiyo wamepita watu wa kila namna: walowezi waliokwenda kulima kahawa Oldeani, maafisa wa serikali, na watalii wasiohesabika. Wamepita pia watu wa namna ya pekee, ambao hawakuja kulima, wala kutawala, wala kutazama simba. Walikuja kuuliza. Waliuliza habari za mawe na mifupa, za maneno na matambiko, za mvua na mipaka ya mashamba. Wakaandika majibu, wakaenda zao. Mtoto wa Rhotia aliyewaona hakukosa kujiuliza moyoni: watu hawa wasiolima, hula nini?

Swali hilo la kitoto ndilo asili ya insha hii, kwani mtoto mmojawapo nilikuwa mimi. Jibu lake nililipata baada ya miaka mingi. Watu wale walikula ruzuku. Neno hili ni ndugu wa neno riziki, na undugu wao si wa sauti tu. Ruzuku ya uchunguzi ni riziki apewayo mtaalamu, hasa yule aliyekwisha kupata shahada ya udaktari, ili kwa muda wa mwaka mmoja au miwili asifundishe, asihangaikie chakula, bali atafute jambo moja mpaka alione. Hanunuliwi kitabu, wala hanunuliwi nyumba, hununuliwa wakati. Na katika mali zote za mwanachuoni, wakati ndiyo mali iliyo adimu kuliko zote.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tangu zamani tajiri wa Lamu au Unguja aliweza kuweka shamba la minazi kuwa wakfu, shamba lenyewe lisiuzwe, mazao yake yatunze msikiti au chuo. Watu wa Rhotia nao wanayo desturi yao iliyo karibu zaidi na jambo ninalotaka kulieleza. Wairaqw huwekeana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote katika zizi lake. Huwatawanya, mmoja kwa jirani, mmoja kwa shemeji, mmoja kwa rafiki wa kilima cha mbali, ili maradhi yakiingia zizi moja yasimalize mali yote. Anayewekewa hukamua maziwa akanywesha watoto, na samadi akatia shambani. Lakini ng'ombe si wake. Na ndama akizaliwa, ni wa mwenye ng'ombe, ila mwenyewe apende kumpa mlishi kwa hisani. Desturi hii ni njema, na imewaokoa maskini wengi. Hata hivyo haimdanganyi mtu. Kila mlishi ajua tangu siku ya kwanza maziwa ni ya nani na ndama ni wa nani. Nitaichukua desturi hii iwe mizani ya kupimia historia ya ruzuku za wataalamu.

Mwanzo wa historia hiyo uko mbali na Rhotia. Alexander von Humboldt, msafiri na mwanasayansi wa Kijerumani, alifariki mwaka 1859. Mwaka uliofuata wakfu ukaanzishwa Berlin kwa jina lake, ili kuwalipia wanasayansi wa Ujerumani safari za uchunguzi katika nchi za mbali. Thamani ya fedha ya Ujerumani ilipoanguka mwaka 1923, mali ya wakfu ule ilitoweka pamoja nayo. Ulianzishwa tena mwaka 1925, ukakoma vita vilipokwisha mwaka 1945, ukafufuliwa mara ya tatu mwaka 1953. Na safari hii kazi yake kubwa ilikuwa kuwaleta wataalamu wa nchi nyingine Ujerumani. Huko Marekani nako, Wakfu wa Rockefeller ulipewa hati yake mwaka 1913. Na mwaka 1919 fedha zake zilianza kuwalipia vijana waliokwisha kupata udaktari wa fizikia na kemia, wapate nafasi ya kuchunguza kabla ya kumezwa na kazi ya kufundisha. Waliobuni mpango ule walikuwa wameona hatari ambayo sisi pia twaiona leo: kijana hupata udaktari akiwa na moto, kisha hupewa madarasa mengi hata moto ukazimika.

Mwaka ule ule 1913 Hans Reck, mwanajiolojia kutoka Berlin, alifika bonde la Olduvai, upande wa pili wa kreta ya Ngorongoro, akachimba, akapata mifupa ya mtu, akaichukua Ujerumani. Baada ya vita ya kwanza nchi ikabadili watawala, na wachunguzi wakabadilika pia. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete katika Kenya, alipata udaktari Cambridge mwaka 1930. Chuo cha St John's kilikuwa kimemweka miongoni mwa wanazuoni wake wanaolishwa kwa ajili ya uchunguzi, na mwaka 1931 alikwenda Olduvai akifuatana na Reck mwenyewe. Kisha akaja Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani, aliyechimba kando ya ziwa Eyasi, chini ya nyanda za Karatu, kati ya miaka 1934 na 1939. Alipata vipande vya mafuvu, akakusanya na hadithi za wenyeji; na sehemu kubwa ya mkusanyo wake ikaenda kutulia Tübingen.

Msomaji ataona kwamba mpaka hapa mlishi na mwenye ng'ombe walikuwa watu wa zizi moja. Fedha zilitoka Ulaya, mchunguzi alitoka Ulaya au alilelewa na chuo cha Ulaya, na ndama alikwenda Ulaya. Nchi yetu ilikuwa malisho. Malisho hayapati maziwa wala ndama.

Tena mtoa fedha huacha alama yake hata asipoonekana. Tarehe 17 Julai 1959, mwaka ambao Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa, Mary Leakey aliona fuvu kuukuu likitokeza katika mteremko wa Olduvai. Lilipewa jina la Zinjanthropus boisei. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na Zinj, jina la kale ambalo Waarabu waliliita pwani yetu. Sehemu ya pili ni heshima kwa Charles Boise, mfanyabiashara wa London aliyetoa fedha za uchimbaji. Basi kiumbe aliyelala katika ardhi ya Ngorongoro zaidi ya miaka milioni moja na nusu aliamka akiwa na jina la tajiri mmoja wa karne ya ishirini. Sisemi haya kwa dhihaka. Boise alitoa mali yake wakati wengine hawakutoa, na shukrani ni wajibu. Lakini tazama mfano wa pili. Mwaka 1968 Peter Nzube, mmoja wa mafundi Waafrika waliokuwa na jicho la ajabu la kutambua mfupa katikati ya changarawe, aligundua fuvu jingine pale Olduvai, likiwa limepondeka. Fuvu hilo lilibandikwa jina la utani Twiggy, jina la msichana mwembamba wa London aliyekuwa mashuhuri kwa kuonyesha mavazi. Mwenye fedha alipewa jina, na mwonyesha mavazi akapewa jina. Mwenye jicho akabaki katika maelezo madogo.

Uchunguzi wa watu walio hai ulikuwa na mfereji wake wa fedha. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika iliundwa London mwaka 1926, na mwaka 1931 Wakfu wa Rockefeller ukaikubalia fedha za miaka mitano. Kwa fedha hizo madaktari wawili wa elimu ya nafsi, Meyer Fortes na Siegfried Nadel, waligeuka kuwa wachunguzi wa jamii za Afrika ya Magharibi. Na Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miaka kadhaa miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe. Serikali ya Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1940 ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni, ilikubali kutoa hadi pauni 500,000 kila mwaka kwa ajili ya uchunguzi. Kutokana na fedha za namna hiyo iliinuka Taasisi ya Uchunguzi wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, ambayo Audrey Richards alikuwa mkurugenzi wake tangu 1950.

Hapo mkondo ulifika kwetu. Wilaya ya Mbulu, ambayo Rhotia ilikuwa sehemu yake mpaka Karatu ilipopewa wilaya yake, ilikuwa baada ya vita ya pili chini ya mpango mkubwa wa serikali: kufyeka vichaka vya mbung'o, kupunguza mifugo, kuzuia mmomonyoko wa udongo. Serikali yenye mpango huwa na maswali, na mwenye maswali hutafuta wa kuyajibu. Hata hivyo haki itendeke: si kila mchunguzi wa siku zile alikuwa mtumishi wa maswali ya serikali. W. H. Whiteley, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya kuinuka kwa Kiswahili kuwa lugha ya taifa, alitoa mwaka 1958, kwa jina la taasisi ile ya Kampala, maelezo mafupi ya sarufi ya Kiiraqw. Hakuna afisa wa kupunguza ng'ombe aliyehitaji kujua jinsia za nomino za Kiiraqw. Whiteley aliyataka kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu alipewa muda wa kuyatafuta. Hii ndiyo fadhila ya ruzuku inapokuwa njema: humwezesha mtu kutafuta jambo ambalo hakuna bwana aliyeliagiza.

Uhuru ulipofika tulitazamia kwamba zizi lingebadilika, na kwa kiasi limebadilika. Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961. Fuvu la Zinj lilirudishwa nchini mwaka 1965. Mwaka 1968 Serikali iliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana kwa jina fupi la UTAFITI; na sheria ya mwaka 1986 ikaweka mahali pake Tume ya Sayansi na Teknolojia. Watanzania wakaanza kupita katika barabara ya Rhotia wakiwa waulizaji. Fidelis Masao, mchunguzi wa michoro ya miambani ya Tanzania ya kati, alipata udaktari katika Kanada, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa uchimbaji wa Olduvai. Mwaka 2016 yeye na wenzake walitangaza nyayo nyingine za kale zilizopatikana Laetoli. Audax Mabulla alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1996 kwa kuchunguza zana za mawe za bonde la Eyasi, pale pale alipochimba Kohl-Larsen. Yusufu Lawi aliandika historia ya Wairaqw na mazingira yao, akapewa udaktari Boston.

Nawataja kwa fahari, lakini tazama miji iliyotajwa. Ili mtu achunguze Eyasi, alipaswa kwanza kwenda Florida. Ili aeleze misitu ya Wairaqw, alipaswa kwanza kwenda Boston. Na lugha ilifuata fedha. Uchunguzi mkubwa wa lugha katika Afrika ya Mashariki, uliofanywa tangu miaka ya mwisho ya 1960 kwa fedha za Wakfu wa Ford, ulitoa kitabu juu ya lugha za Tanzania mwaka 1980, kwa Kiingereza. Kamusi ya Kiiraqw, kazi bora ya Maarten Mous wa Leiden, Martha Qorro wa Dar es Salaam na Roland Kießling wa Ujerumani, ilipigwa chapa Köln mwaka 2002. Inafasiri Kiiraqw kwa Kiingereza. Mwalimu wa Rhotia aliye na mtoto asiyejua bado Kiswahili vizuri, na ambaye yeye mwenyewe ametoka Songea au Bukoba, anahitaji daraja kati ya Kiiraqw na Kiswahili. Wenye kamusi hawana kosa. Walijenga daraja ambalo fedha na chuo viliruhusu. Lakini mtoto yuko ng'ambo nyingine ya mto.

Sasa nieleze lililonipata mwenyewe, maana si vyema kuhukumu zizi la wengine huku lako umelifunga. Nilipopata udaktari nilirudi kufundisha. Miaka minne nilisahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi, na masimulizi niliyoyarekodi kwa wazee wa Rhotia yalikaa katika sanduku chini ya kitanda. Kisha nikapata ruzuku ya mwaka mmoja katika mji wa Ulaya. Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga baba mkubwa, ambaye alikuwa msimulizi wangu mkubwa pia. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba wageni watanilipa nikae mwaka mzima nikiandika maneno yake.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ni jambo jema. Umewekewa ng'ombe. Mmekwisha kusema ndama ni wa nani?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Baba, hii ni karatasi tu, haina ndama."

Naye akanijibu, "Kila kinacholishwa huzaa."

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa heri kuliko yote ya maisha yangu ya kazi, wala sitaukana. Nilikuwa na meza, joto, vitabu, na kimya. Niliandika kwa miezi kumi na miwili yale ambayo nyumbani yangenichukua miaka kumi. Lakini masharti yalitaka kitabu kitoke kwa Kiingereza, na mimi nilikubali bila kuuliza neno, kama aliyeona kiu na asiulize kisima ni cha nani. Kitabu kilitoka kwa mpiga chapa wa huko, kwa bei inayozidi ya gunia la mahindi. Nilipokileta Rhotia baba mkubwa alikuwa amefariki miezi mitano nyuma. Niliwakalisha wanawe na wajukuu, nikakifungua, nikatafuta mahali nilipoandika simulizi lake alilolipenda. Nikajikuta namfasiria mjukuu wake, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, maneno ambayo babu alinipa kwa Kiiraqw katika ua ule ule. Mjukuu mmoja akaniuliza, "Baba mdogo, maneno yake mwenyewe yako wapi?" Yalikuwa katika kanda, na nakala ya kanda ilikuwa Ulaya. Kosa lile silipeleki kwa wafadhili. Wao hawakunikataza kuleta nakala wala kuandika kitabu cha pili. Mimi ndiye niliyekunywa maziwa nisikumbuke habari ya ndama.

Je, tuikatae ruzuku ya wageni? Hapana. Ashindwaye kulisha ng'ombe wake hana haki ya kumtukana aliyemwekea. Tena wafadhili wengine wamejifunza. Mwaka 2008 Baraza la Vyama vya Wasomi la Marekani, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, lilianzisha mpango wa elimu za utu kwa wasomi wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Katika mpango huo msomi aliyekuwa akimaliza udaktari, au aliyeupata karibuni, hakulazimika kwenda Marekani. Alinunuliwa muda wake akabaki Afrika, akaandika karibu na watu aliowaandika. Hilo lilikuwa jambo jipya na la maana. Ila nalo lilikuwa na mwisho: baada ya miaka zaidi ya kumi mpango ulikoma kugawa ruzuku, na vijana waliofika nyuma walikuta zizi tupu. Ng'ombe wa kuwekewa huweza kudaiwa wakati wowote. Hilo si dhuluma, ni sharti la desturi.

Kwa hiyo jambo lenyewe ni kuwa na ng'ombe wetu. Katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 viongozi wa Afrika walikusudia kutenga asilimia 1 ya pato la kila nchi kwa ajili ya sayansi na teknolojia, na ahadi hiyo ilirudiwa Addis Ababa mwaka 2007. Ahadi iliyorudiwa baada ya miaka 27 yajieleza yenyewe. Tunao mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia chini ya Tume yetu; lakini mwanachuoni wa lugha, wa historia au wa fasihi husimama mlangoni kwa haya, kama mgeni asiyealikwa, kwa kuwa taaluma yake haina mashine ya kuonyesha. Wala si lazima kila kitu kingoje Serikali. Chuo kinaweza kumpa daktari kijana mwaka mmoja bila madarasa katika kila miaka mitano, na hilo halihitaji fedha za New York. Lahitaji wenzake wakubali kumshikia zamu. Tajiri wa Arusha au wa Mwanza ajengaye hoteli anaweza kuweka chumba kimoja cha kodi kiwe wakfu, kama babu zake wa pwani walivyoweka minazi.

Na yule anayepata ruzuku ya wageni, leo au kesho, aende kwa moyo mkunjufu, lakini kabla ya kutia sahihi aulize swali la baba mkubwa. Nakala ya kanda itakaa wapi? Kitabu kitasomwa kwa lugha gani na watu waliokisema? Jina la fundi aliyeona mfupa litaandikwa ukurasa gani? Wafadhili wengi wataona maswali haya kuwa ya haki wakiulizwa mapema; yakiulizwa baadaye huonekana kuwa malalamiko.

Mimi nimeanza kulipa deni langu. Nimeandika barua kuomba nakala za kanda, na nimeahidiwa kuletewa. Masimulizi ya baba mkubwa nayapanga upya katika kurasa mbili zinazoelekeana, upande mmoja Kiiraqw chake, upande wa pili Kiswahili. Kazi hii haina ruzuku. Naifanya usiku baada ya kusahihisha mitihani, nayo yaenda polepole. Mwaka jana nilimaliza masimulizi manne tu. Mjukuu yule aliyeniuliza swali sasa yuko shule ya sekondari, na likizo hukaa nami kunisahihisha matamshi ya maneno ya babu yake. Akiwa na bahati, atafika udaktari. Natumaini siku hiyo atakuta kwetu ng'ombe hata mmoja, aliye mwembamba, lakini ambaye ndama wake hana mwingine wa kumdai.